Matofali ya Rungwe, mianzi ya Lufingo

Lufingo, jioni. Mvua imekatika. Kando ya migomba, kijana anapanga upya majani makavu juu ya matofali mabichi. "Yakiloa kabla ya kuchomwa, kaka, unaanza upya," ananiambia. Asubuhi nilikuwa misheni ya Rungwe, kwa hiyo swali la nani alijenga nini huku bado linanikereketa.

Theodor Meyer na wenzake watatu, Wamoraviani wa Ujerumani, waliingia huku 1891 kwa kupitia mito ya Zambezi na Shire, kisha Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Waliobaki wakaweka makao chini ya Mlima Rungwe. Husemwa kuwa Meyer ndiye aliyejenga misheni. Haya, lakini nani alikanyaga udongo? Nani alikata nyasi za paa?

Kwenye misheni ya Rabai, nyuma ya Mombasa, hali ni tofauti kidogo. Wamisionari Krapf na Rebmann walianza pale 1846, na Rebmann akakaa mpaka 1875, akaondoka karibu kipofu. Miaka yote hiyo kilima kimoja! Si ajabu nyumba ya pale inaitwa kwa jina lake. Rungwe ilikuwa kazi ya kundi tangu mwanzo, na mimi naipenda zaidi kwa hilo.

Ila wajenzi wa Kinyakyusa walikuwapo kabla ya wote hao. Msafiri Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Nyasa 1879, alizisifu sana nyumba zao. Ukuta ulisimamishwa kwa mianzi, ukiinama kidogo kwa nje, na nafasi katikati zikajazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono, moja moja. Na mafundi hawakuwa wachache: Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930, ameeleza kuwa wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka kwa baba zao na kwenda kuanzisha kijiji chao na marika wao. Kwa hiyo kila rika lilijifunza kujenga, maana bila hivyo lingelala nje, na mvua ya huku hailei mvivu.

Ningepewa kibao cha kuandika pale Rungwe, nisingeanza na 1891. Ningeanza na 1879, ingawa hata Thomson alizikuta nyumba zimeshasimama.