Asubuhi za East Broadway

Binti wa kaka yangu, mzaliwa wa New York, aliniuliza tulipokuwa tunapita Mtaa wa Norfolk: "Ami, hapa zamani palikuwa na nini?" Nikamwambia palikuwa na sinagogi. Akataka kujua kama lilikuwa zuri. Simlaumu, kwa sababu hata wakubwa huuliza hivyo hivyo. Jengo likishabomolewa, watu huulizia madirisha na dari, na waliokuwa wakikaa ndani yake hawaulizwi na mtu.

Tumalizane na tarehe kwanza. Jumuiya ya Beth Hamedrash Hagodol ilianza mwaka 1852, ikanunua jengo la Norfolk, lililokuwa kanisa, mwaka 1885. Lilifungwa 2007, likaungua Mei 2017, na mabaki yakabomolewa 2019. Basi.

Mimi nilifika mtaa ule miaka ya 1990, nikitokea Mombasa, nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee niliyepewa alikuwa mgane, fundi mkata vitambaa aliyestaafu, akiishi katika maghorofa ya ushirika ya Grand Street. Kila asubuhi nilikisukuma kiti chake cha magurudumu hadi East Broadway, kati ya Clinton na Montgomery, ambako nyumba ndogo za ibada zilifuatana mlango kwa mlango. Moja ya hizo ndiyo ilikuwa yake.

Chumba kilinuka karatasi kuukuu, chai ya rangi na tumbaku ya kunusa, ambayo kikopo chake kilizungushwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Wote walikuwa wastaafu: washonaji, wachapishaji, mwenye duka la vifungo, mwalimu wa hesabu. Baada ya sala ya asubuhi hawakwenda nyumbani. Walifungua Talmud, mkusanyo wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, vitabu vikubwa vya kulemea mkono, matini yamekaa katikati ya ukurasa na wafafanuzi wa karne na karne wamejipanga pembeni kama wageni waliozunguka sinia la pilau. Hakuna kitabu chenye ukurasa wa kwanza. Vyote huanzia wa pili. Mzee wangu alinieleza kuwa ni kwa ajili ya kumkumbusha msomaji kwamba bado hajafika hata mwanzo.

Walisoma kwa sauti, kwa mahadhi, wawili wawili, na walibishana. Nimekulia kwenye darsa, nikizoea mwalimu asemaye na wanafunzi wasikilizao. Hapa mzee wa miaka themanini na tano alimpigia mwenzake meza kwa sababu ya ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe wa jirani, na nani alipe nini. Kitabu kikidondoka, walikiokota na kukibusu, kisha ubishi ukaendelea.

Aliyeishikilia asubuhi ile ni gabai, msimamizi wa chumba, naye mstaafu. Alifungua mlango gizani, akachemsha maji, akapanga glasi na vipande vya sukari. Halafu alihesabu. Kuna dua husomwa baada ya darasa, na haisomwi mpaka watimie wanaume kumi. Kwa hiyo kila kichwa kilikuwa na kazi. Wakiwa tisa, gabai alichukua simu ya ukutani. Hakuuliza "hujambo?" Alisema wanakungoja. Niliona watu wenye magoti mabovu wakiingia dakika kumi baadaye, koti limefungwa vibaya, wamefurahi mno kuhitajiwa.

Mwaka 1997 ilianza duru mpya ya ukurasa wa Talmud wa kila siku, utaratibu uliotangazwa na Rabi Meir Shapiro mjini Vienna mwaka 1923: kurasa 2,711, kila ukurasa pande zake mbili, miaka saba na nusu hivi mpaka kumaliza. Mzee wangu alikwisha pita themanini. Alijua duru itaishia 2005, akaanza. Hakufika. Alipofariki, wenzake waligawana vitabu vya Mishna, matini ya sheria ambayo Talmud huifafanua, kila mmoja akachukua sehemu yake, wakavikamilisha kwa ajili ya roho yake ndani ya siku thelathini. Karatasi ya majina ilibandikwa mlangoni.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Vyumba vya ushirika vikaruhusiwa kuuzwa kwa bei ya soko, warithi wakauza. Duka la mikate la Gertel's, Hester Street, likafungwa 2007. Wazee wakawa saba, wakawa wanne. Siku hizi ukurasa wa leo unausikiliza kwenye simu ukiwa peke yako ndani ya treni, na wanaousikiliza ni wengi kuliko zamani. Elimu haijapungua. Lakini simu haijui kwamba hukufika leo, na hilo linaniudhi kuliko ghorofa lolote jipya.

Nasi Waswahili tunawaleta wazazi wetu Minneapolis, Columbus na London, tunawaacha na televisheni tangu asubuhi mpaka turudi kutoka kazini. Misikiti na makanisa tumenunua kwa michango, kisha mchana kutwa tunayatia kufuli. Enyi wenye funguo, fungueni saa tatu asubuhi. Chemsheni chai, tafuteni mwalimu, na asiyefika mpigieni simu.