Mjomba, Mto na Redio

Mjomba wangu alikuwa na mapenzi matatu: Mto Kilombero, mpunga wake wa Supa na muziki wa dansi wa Morogoro. Mkewe alikuwa akisema yeye ni wa nne, na kwamba hupanda hadi nafasi ya tatu mwaka ambao ndege wamekula mpunga wote.

Alizaliwa kando ya mto, upande wa Ifakara, katika kabila la Wandamba, watu ambao bonde zima linawajua kwa uvuvi na mitumbwi. Mtumbwi wake ulikuwa gogo moja la mvule. Aliuendesha akiwa amesimama, pondo mkononi, akiyatazama maji kwa namna ambayo sisi watoto hatukuielewa. Pale tulipoona maji tu, yeye aliona fungu la mchanga lililohama, gogo lililolala chini, au mahali kambale walipopanda kwenye majani baada ya mto kufurika. Kabla ya kukatiza kwenye kina aligonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, kisha akatulia.

"Mjomba," aliniambia, "kwenye nyumba ya kiboko lazima upige hodi."

Zamani hizo, mtu wa Ifakara akitaka kwenda Lupiro au Mahenge, safari yake ilianzia kwenye uvumilivu. Malori na mabasi yalipanga foleni Kivukoni kusubiri pantoni. Mama lishe walikaanga samaki, wapiga debe walibishana, na mto ukijaa sana au chombo kikiharibika, watu walilala hapo hapo. Ndipo mitumbwi ilipopata kazi. Mjomba alivusha walimu, maharusi na magunia ya mchele. Alivusha wajawazito waliokuwa wakikimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mgonjwa na maiti hakuwatoza nauli, na hakupenda mtu amsifu kwa hilo.

Msimu wa mpunga alihamia shambani, kama walivyofanya wengi bondeni, familia nzima na kuku wao, hadi mavuno. Alijenga dungu refu, akakaa juu yake na kopo la kugonga na kombeo la kufukuzia ndege. Mwaka 1997, vyandarua vya Zuia Mbu vilipoanza kuuzwa vijijini kwetu, alinunua kimoja akakitundika juu ya dungu. Majirani walicheka sana: nani alishaona mlinzi wa ndege analala kama bibi harusi? Yeye hakujali. Ifakara watu walikuwa wamezoea kuwaona watafiti wakiwinda mbu tangu Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara yake pale miaka ya 1950, na Mjomba aliamini kwamba mtu mzima hawezi kumfuata mbu miaka yote hiyo bila sababu. Baada ya misimu michache, madungu ya jirani nayo yakavaa vyandarua.

Juu ya dungu hilo hilo ndipo redio yake ilipokaa, imeviringishwa nailoni dhidi ya umande. Ujanani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, na mshahara wake wa kwanza haukununua mbuzi wala bati, ulinunua redio. Aliipenda Cuban Marimba ya Salum Abdallah, lakini mfalme wake alikuwa mpiga gita Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, Mjomba aliifunga redio siku kadhaa, akakaa matanga peke yake. Mkewe alimwuliza kama hata yeye ataliliwa hivyo. Akajibiwa, "Wewe kwanza ujifunze gita."

Leo Kivukoni pana Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa Mei 2018. Lori linavuka kabla dereva hajamaliza sentensi. Upande wa pili wa mji, lami imefika kutoka Kidatu, na ile safari ya vumbi na matope iliyomaliza siku imekuwa ya kwenda na kurudi. Wapo waliodhani Mjomba angenuna, maana daraja lilimaliza kazi ya pondo. Walikuwa hawamjui. Aliikumbuka Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipopigwa na dhoruba kikazama, na aliwakumbuka wengine ambao mto uliwachukua kimya kimya miaka ya nyuma. "Daraja halisinzii wala halidai nauli," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Ujanani kwake, maji yakipungua, mbuga ilijaa sheshe, swala wa majimajini ambao bonde hili liliwahi kuhesabiwa kuwa na robo tatu ya wote waliopo duniani. Kisha yakaja mashamba juu ya mashamba, makundi ya ng'ombe kutoka mbali, miti ikakatwa kwenye vijito. Mwaka 2023 Serikali ikatangaza Pori la Akiba la Kilombero, na baadhi ya sehemu alizozizoea mvuvi na mkulima zikaingia ndani ya mipaka. Mjomba hakujua ashike upande gani. Sheshe aliwataka, kambi yake ya uvuvi aliitaka. Alifariki muda mfupi baadaye, akiwa bado anajibishana na nafsi yake.

Shambani sasa wanapanda zaidi Saro 5, mbegu inayozaa kuliko Supa. Mjomba naye aliipanda, asiseme mtu kwamba alikuwa mzee wa kukataa mambo. Ila alitenga kipande cha Supa pembeni: ile ya kuuza, hii ya kula na wageni. Kipande hicho binti yake anakilima hadi leo, kwa hiyo jikoni kwao kunanukia vile vile. Redio ilirithiwa na mjukuu anayeendesha bodaboda, akaiuza, akanunua spika ndogo inayowaka taa. Humo Mbaraka anaimba safi kuliko alivyowahi kuimba juu ya dungu, na sijui kama nifurahi au nihuzunike.

Wajukuu wake hawawezi kushika pondo, wala sioni kosa: babu yao mwenyewe ndiye aliyelitaka daraja. Lakini mtumbwi ulikulazimisha kuujua mto, daraja halikulazimishi. Unaweza kuuvuka Kilombero kila siku ya maisha yako usijue kwamba maji yake ni zaidi ya nusu ya yale yanayokwenda Rufiji, yanakojaza Bwawa la Nyerere na kuwasha taa za nchi nzima. Mjomba alijua mto umepungua au umechafuka kabla mtu yeyote hajaupima, kwa sababu alikuwa ndani yake. Sasa tunapita juu. Ukichafuka, nani atatuambia?