Parry O'Brien na Mgeuko Uliobadili Urushaji wa Tufe

Urushaji wa tufe ni fani ya riadha ambayo mshindani, akiwa ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, husukuma kwa mkono mmoja, kuanzia shingoni, tufe la metali ambalo kwa wanaume lina uzito wa kilo 7.26. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 warushaji wengi walisimama ubavu, bega moja likielekea uwanja, wakavuka duara kwa kuruka kidogo na kugeuza kiwiliwili robo ya mzunguko tu kabla ya kusukuma. Kwa namna hiyo Mmarekani James Fuchs alifikisha mita 17.95 mwaka 1950, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa kwa karibu miaka 3.

Aliyeivunja ni Parry O'Brien, mzaliwa wa Santa Monica, California, mwaka 1932. Yeye aliupa uwanja mgongo. Aliinama juu ya mguu wa nyuma, akateleza kinyumenyume kuvuka duara, kisha akageuka nusu mzunguko na kuliachia tufe. Hoja yake ilikuwa ya kifizikia: kadiri tufe linavyosukumwa kwa njia ndefu zaidi kabla ya kuachiwa, ndivyo linavyotoka mkononi na kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayoamua umbali kuliko jambo lingine lolote. Mwili aliufundisha kwa uzani mzito, na akili, jambo lililowashangaza wengi, kwa yoga.

Dalili za mwanzo hazikuwa za kutisha, kwani dhahabu yake ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 aliipata kwa mita 17.41, sentimita 2 tu mbele ya Mmarekani mwenzake. Lakini kuanzia mwaka huo hadi 1956 alishinda mashindano 116 mfululizo, na tarehe 8 Mei 1954, jijini Los Angeles, alirusha mita 18.42, akawa wa kwanza kupita futi 60, yaani mita 18.29, mpaka ambao wakati huo ulihesabiwa pamoja na ule wa maili moja kwa dakika 4, uliokuwa umevunjwa siku 2 tu kabla. Dhahabu ya pili ilifuata Melbourne mwaka 1956.

Mjini Roma mwaka 1960 alishika nafasi ya pili nyuma ya Bill Nieder, na hapo ndipo ukubwa wake ulipodhihirika kuliko katika ushindi wowote, kwa kuwa waliompita walikuwa wamejifunza kwake namna ya kumpita. Mwaka 1964 alibeba bendera ya Marekani Tokyo na kumaliza wa nne kwa mita 19.20, umbali ambao katika Michezo 3 iliyotangulia hakuwahi kuufikia.

Baadaye ulikuja mtindo wa mzunguko, ambao mrushaji huzunguka duarani kama mrusha kisahani, na ambao Msovieti Aleksandr Baryshnikov aliuwekea rekodi ya dunia ya mita 22.00 mwaka 1976. Hata hivyo, mwaka 1988 Ulf Timmermann wa Ujerumani Mashariki alifikisha mita 23.06 kwa mtelezo uliotokana na ule wa O'Brien, ambaye alifariki mwaka 2007. Rekodi ya mita 23.56 aliyoiweka Ryan Crouser mwaka 2023, tena jijini Los Angeles, ni ya mtindo wa mzunguko, lakini nao huanza mrushaji akiwa ameupa uwanja mgongo.