Shabaha ya Kidole Gumba

Wako wanaodhani kulenga kwenye gemu za bunduki ni kipaji, mtu anazaliwa nacho kama sauti ya kuimba. Hata huku kwetu nyanda za juu za Kigoma, kwenye vibanda vya gemu vya Kasulu na Kibondo, utasikia mshikaji anasifiwa: "Huyo ana mkono!" Mimi nabisha. Mkono unakuja mwisho. Kinachotangulia ni jicho na subira.

Tuanze na chombo chenyewe. Pedi ya PlayStation ina analogi mbili, vile vinundu vinavyozungushwa kwa vidole gumba. Ya kushoto hutembeza miguu, ya kulia hugeuza macho. Gemu ya Alien Resurrection ilipotoka mwaka 2000 na mtindo huo, kuna mhakiki aliuponda kwamba unatisha kuliko gemu yenyewe. Leo karibu gemu zote za risasi zinachezwa hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba kidole gumba kina nafasi finyu ya kusogea. Mwenye kompyuta anasukuma mausi kwa mkono mzima. Wewe una kinundu tu. Ndiyo maana watengenezaji, kama wale wa Halo mwaka 2001, waliweka msaada wa kulenga: alama ya kulengea ikimpitia adui, inapunguza mwendo ili usimpite. Lakini usibweteke. Msaada huo unafanya kazi ukishafika karibu naye. Kufika ni juu yako.

Basi sikiliza. Kwanza, pedi za vibandani zimechoka. Ukiona picha inajizungusha na hujagusa kitu, ingia kwenye mipangilio. Kama gemu inaruhusu, ongeza kidogo lile eneo la katikati ambalo msogeo wa analogi unapuuzwa. Pili, punguza kasi ya kugeuka mpaka uweze kufuata ukingo wa mlango bila kuyumba, halafu ipandishe polepole. Usiibadilishe kila siku. Kidole nacho kinataka kuzoea. Tatu, usitembee huku unatazama udongo. Weka alama usawa wa kifua, kwenye kona ambayo mtu atatokea. Nne, ukimkosa kidogo, usipapatike na kidole cha kulia. Piga hatua moja ya ubavuni kwa analogi ya kushoto, alama itamfikia. Tano, bunduki ikilia mtutu unapanda, kwa hiyo vuta analogi chini kidogo na upige risasi chache chache.

Waliokua na manati wanayajua haya siku nyingi. Ndege akiruka hulengi alipo, unalenga anakokwenda. Na fundi wa manati si yule mwenye mpira mgumu. Ni yule aliyekaa chini ya mti mpaka akajua ndege wanatua tawi gani.

Siku moja nilikuwa namweleza mjomba wangu mambo haya, najidai kweli kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mjomba, huyo unayempiga ana jina?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mjomba alikuwa kijana Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa na watu wakavuka mpaka kwa makundi kuingia Kibondo na Kasulu. Aliwaona njiani na magodoro kichwani. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Huku kwetu mlio wa bunduki si wa kwenye televisheni tu. Kuna watu uliwafukuza makwao.

Sikuacha gemu, wala mjomba hakuniambia niache. Lakini swali lake limenigandama, maana nina ndoto ya kuandika riwaya, na jibu lake ni hapana. Yule wa kwenye skrini hana jina. Anaanguka, baada ya muda mfupi anafufuka, mchezo unaendelea. Gemu haiwezi kwenda kama kila anayeanguka ana mama yake.

Riwaya haiwezi kwenda bila huyo mama. Ndiyo maana sasa nina daftari. Kwenye gemu naweka alama konani, namngoja mtu atokee. Kwenye daftari nangoja vile vile, kwa subira ile ile. Tofauti ni kwamba akitokea, namwacha asogee karibu, namuuliza anaitwa nani, ametoka wapi, na kwenye kile kifurushi kichwani amebeba nini.