Kivuli na Uvuli

Lugha ya kigeni ni mgeni mwema. Hubisha hodi, akakaribishwa, akapewa kiti. Lakini mwenye nyumba asipoangalia, siku moja hujiona yeye amesimama na mgeni amekaa. Sikuyajua haya mpaka nilipokwenda chuo kikuu kusoma sanaa ya uchoraji.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje. Katika shule ya msingi nilifundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya shule za serikali katika Tanzania. Baada ya miaka sita ya sekondari niliweza kusoma gazeti la Kiingereza, kuandika barua ya kuomba kazi, na kufaulu mtihani. Nilidhani safari imekwisha.

Mwaka wa kwanza tuliagizwa kila mmoja alete picha ya jengo la kwao. Nilichora birika la Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, juu ya jabali la Kilwa Kisiwani linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa sultani huyo, na tangu mwaka 1981 magofu ya kisiwa hicho yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Birika hilo lina pande nane. Nililichora kama lionekanavyo saa sita za mchana: kingo zake kwa mkaa, na katikati karatasi tupu.

Mwalimu alitazama, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimeacha katikati bila kitu. Jibu nilikuwa nalo. Jiwe la tumbawe na chokaa hurudisha jua la adhuhuri kwa ukali hata jicho lisione sakafu. Huona kingo tu, na ndani yake nuru. Jambo hilo nalilijua tangu utoto. Lakini kinywani yalitoka maneno machache tu, na maana yake ilikuwa, "Ni mahali pazuri." Baadhi ya wenzangu walicheka. Mwalimu aliandika kwamba kazi haikukamilika, akapita kwa mwingine. Hakunidhulumu. Alihukumu kwa ushahidi aliopewa, na shahidi alikuwa bubu.

Usiku ule niliwaza kuacha masomo. Asubuhi nilijiandikisha katika darasa la Kiingereza. Baraza la Ulaya lilitangaza mwaka 2001 ngazi sita za kupimia ujuzi wa lugha; mimi nilipimwa nikawekwa katika ya nne. Ngazi hii ni ya mateso ya namna yake. Aliye chini yake hajui, na watu humsamehe. Aliye juu yake anajua, na watu humsikiliza. Aliye hapo hufahamu kila anachoambiwa, wala hawezi kusema nusu ya anachofikiri.

Nilitazamia kushindwa na maneno makubwa, nikashindwa na madogo. Kitenzi chao cha kutazama, kikiongezwa neno moja dogo mbele yake, huwa kutafuta. Kikiongezwa jingine huwa kutunza. Na kwa mawili huwa kudharau. Sisi huyafanya mageuzi yetu ndani ya kitenzi chenyewe: chora, chorea, chorwa, choresha. Wao huyafanya nje, kama mtu anayebadilisha kofia. Nilipoliona hilo niliacha kukariri, nikaanza kutazama sentensi kama nitazamavyo jengo, nikiuliza uzito umelalia wapi.

Mwisho wa mwaka niliirudisha picha ileile darasani, bila kuongeza mstari. Nilieleza jua, chokaa na jicho. Mwalimu hakuipenda bado. Alisema nuru ingeonekana zaidi kama ningeweka kivuli ndani. Tulibishana kwa muda wa robo saa. Ubishi ule ulinipa heshima kuliko sifa, maana hakuna abishanaye na bubu.

Likizo nilirudi Kivinje kwa majivuno. Mjomba wangu ni fundi wa vyombo vya baharini. Nilimkuta chini ya mkungu ufukweni, tezo mkononi, mashua imeegeshwa mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu nieleze na mimi habari za hiyo picha yako."

Nilianza kueleza. Kila sentensi niliianza kwa Kiswahili ikaniishia katika Kiingereza. Mjomba aliendelea kuchonga. Kwa kuona haya nikatafuta udhuru, nikasema kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo haya. Waingereza, nilisema, wana maneno mawili: moja la mahali pa kupumzikia chini ya mti, na jingine la umbo jeusi ambalo kitu hulilaza juu ya ardhi. Sisi tuna kivuli tu.

Aliweka tezo chini. "Hapa tumekaa wapi?"

"Kivulini."

"Tumekaa uvulini. Kivuli ni kile pale cha mashua, kinachosogea na jua. Bibi yako alikuwa akikuita uvulini kila siku. Lugha haikufilisika, mjomba. Wewe umeusahau mfuko wako nyumbani."

Najua wako wengi watumiao maneno hayo mawili kwa maana moja, na pengine mjomba aliyatenga kama fundi atengavyo misumari. Walakini hukumu yake ilinipata. Darasani nilikosa Kiingereza cha kusemea nilichokiona Kilwa. Nyumbani nilikosa Kiswahili cha kusemea nilichojifunza darasani. Nilikuwa bubu mara mbili, na ububu wa pili nilijitafutia mwenyewe.

Tangu siku ile nina daftari lenye safu mbili. Siku ya kwanza niliandika mkuku, taruma na kalafati kama mjomba alivyonitajia, nikatafuta wenzao katika Kiingereza. Nilipomwambia kwamba Waingereza huyaita mataruma mbavu, alipapasa ubavu wa mashua, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akanikumbusha kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akanipa msasa nifanye kazi.