Mbita, Mahindi Yanapolindwa na Majani

Ukishuka feri ya kutoka Luanda Kotieno, msomaji, usikimbilie kaburi la Tom Mboya kule Rusinga. Tazama kwanza mashamba ya kituo cha utafiti cha ICIPE hapo Mbita. Kati ya mistari ya mahindi utaona desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Harufu yake huwafukuza nondo, nao huenda kutaga kwenye nyasi za nepia zilizopandwa ukingoni. Huko viwavi wengi hufa, wamenaswa na utomvu. Mizizi yake nayo huzuia kayongo, lile gugu linyonyalo mahindi hadi ghala likakosa kitu.

Wataalamu wa ICIPE na wa Rothamsted, Uingereza, waliubuni mpango huu miaka ya 1990. Wakulima hufundishana, jirani kwa jirani. Nyanyako akiwa bado analia na kayongo, mwambie desmodiamu hupandwa hata kwa vipande vya shina, na ng'ombe huila.