Samani Zilizotutangulia

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zama za utoto wangu, samani hazikuwa vitu vya kununuliwa leo na kutupwa kesho, bali zilikuwa amana: kitanda cha samadari chenye matendegu yaliyokerezwa, kabati la msaji, na sanduku la njumu ambalo, kwa masimulizi ya aila yetu, liliingia bandarini na jahazi la kaskazi, kama yalivyoingia masanduku mengi ya namna hiyo kutoka Surat na Bombay, likahifadhi nguo za bibi harusi mmoja baada ya mwingine hata likamfikia marehemu bibi yangu mzaa baba. Vyombo hivyo nimeviona vikipewa sura mpya kwa njia mbalimbali, na kila njia ilikuwa dalili ya jinsi watu wa zama zake walivyokitazama kilichoachwa na wazee wao.

Kila mwezi wa Shaabani, mji ulipoanza kujitayarisha kuupokea mwezi mtukufu, Bibi aliamuru vyombo vya mbao vitolewe uani. Vilifutwa kwanza kwa kitambaa kilichotiwa maji ya sabuni na kukamuliwa barabara, kwa sababu maji yakizidi mbao huvimba na gundi ya maungio huachia; kisha mahali palipoparuza palisuguliwa kwa majani makavu ya mti wa msasa, kwa kufuata njia ya nyuzi za mbao wala si kwa kuzikata, maana mkwaruzo uliokwenda kinyume hauonekani siku ile, bali hujitokeza wazi mng'aro unapopakwa juu yake. Njumu za sanduku zilisuguliwa kwa ndimu na majivu, ukali wa ndimu ukiila kutu ya kijani na majivu yakiitoa shaba weupe wake. Na sisi watoto, ambao kazi hiyo ilikuwa yetu, tulihimizwa tuzifute upesi na kuzikausha, kwani maji ya ndimu yakiachwa hutia mbao madoa.

Chombo kilichochakaa zaidi ya hapo kiliitiwa fundi wa polishi. Yeye alikuja na chupa ya lakiri, ile inayotokana na utando ambao wadudu wadogo wa Bara Hindi huujenga juu ya vijiti vya miti, nayo ilikuwa imeyeyushwa katika spiriti. Akalifunga donge la pamba ndani ya kitambaa cha bafta, akalilowesha, akalitia tone la mafuta lisipate kugandama, kisha akalizungusha juu ya ubao kwa miviringo midogo isiyosita, kwani donge likisimama hata kwa lahadha moja hulimenya tabaka la chini ambalo halijashika. Alipaka tabaka nyembamba mno, akarudi kesho yake akaongeza nyingine, na hivyo siku kwa siku, mpaka wekundu wa mbao ukaonekana kana kwamba unatoka ndani. Ustadi ule ulinifunza, kabla sijajua kusoma, kwamba uzuri wa chombo cha kale umo katika mbao zenyewe, na kwamba kazi ya fundi ni kuudhihirisha.

Miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika madukani, lakiri na spiriti zikawa taabu kupatikana, na fundi wa polishi akawa hapiti tena. Hapo ndipo kabati letu lilipopakwa rangi ya mafuta, kwanza kijani, baadaye maziwa, kisha hudhurungi. Sithubutu kuwalaumu waliofanya hivyo, madhali najua kwamba kopo moja la rangi lilisitiri michirizi, madoa ya vikombe na matundu ya wadudu kwa asubuhi moja, na nyumba yenye dhiki ikaipokea Idi kwa furaha. Lakini athari yake ilikuwa kubwa: nakshi zilizibwa, milango ikanenepa kwa rangi isifungike, na watoto waliokua wakati ule hawakupata kujua kwamba chini ya rangi ile mlikuwa na msaji. Na mtu asiyejua alicho nacho hukiuza kwa bei ya kuni. Mwaka 2000, UNESCO ilipoutia mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, kuta na milango yake ilisifiwa kwa haki, ilhali vilivyokuwamo ndani ya nyumba vilikuwa vikitoka kimoja kimoja na kuingia mikononi mwa wachuuzi, wakavikwangua, wakaving'arisha na kuwauzia wageni.

Kabati lile liliponifikia kwa mirathi, nilikata shauri kulirudishia sura yake. Kwa kuwa rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, na hasa kwa watoto, sikuisugua ikiwa kavu, bali niliilowesha na kuikwangua kidogo kidogo kwa bamba la chuma, nikazikusanya taka zote katika gazeti: hudhurungi ikatoka, kisha maziwa, kisha kijani, na mwisho, katika kona ya nakshi ambayo brashi haikuifikia, nikaikuta lakiri ya fundi, nyekundu, ingali imeshikamana na mbao. Mbao zilipokauka nilipitisha msasa wa karatasi, namba 120 kwanza na 240 mwisho, kwa kufuata nyuzi, kama alivyotuamuru Bibi.

Ilinibaki kuchagua cha kupaka. Vanishi za plastiki zinazouzwa siku hizi ni ngumu, na meza inayomwagikiwa chai kila siku yazihitaji. Lakini zikipasuka kwa jua na unyevu wa pwani, aghalabu hapana budi kukwangua uso mzima na kuanza upya. Mafuta ya kitani huingia katika mbao na hukauka yakipata hewa, tofauti na mafuta ya nazi ambayo hayakauki kamwe na hukusanya vumbi; ila matambara yaliyotumika sharti yatandazwe nje yakauke, kwani yakirundikwa hupata joto yenyewe hata yakawaka moto. Lakiri nayo haistahimili kikombe cha moto, lakini ina fadhila ambayo kwangu yashinda zote: huyeyuka tena kwa spiriti, tabaka jipya likaungana na la zamani, na atakayetaka kuiondoa baada ya miaka hamsini ataiondoa bila kuzijeruhi mbao.

Kwa ajili hiyo nilichagua lakiri, na ndiyo nasaha yangu kwa kijana aliyerithi kabati au sanduku akaliona limepitwa na wakati. Asiliuze kabla hajakwangua pembe moja ya nyuma akajua ni mbao gani. Na atakapolitengeneza, alipake kitu ambacho mjukuu wake ataweza kukiondoa, kwa maana vyombo hivi havikuanza kwetu, na hatuna haki ya kuvifanyia jambo ambalo wanaokuja hawataweza kulitengua.